Ufaransa Ilivyovivunja na Kuviunda Upya Vyuo Vikuu Vyake

Tarehe 15 Septemba 1793, Bunge la mapinduzi mjini Paris lilipitisha uamuzi wa kufuta vitivo vya theolojia, tiba, sanaa na sheria nchini Ufaransa kote. Utekelezaji wake uliyumba, lakini vyuo vikuu vya zamani havikuinuka tena. Chuo Kikuu cha Paris kilikuwa na hati ya mfalme tangu mwaka 1200 na ulinzi wa Papa Gregory wa Tisa tangu 1231. Robert de Sorbon alikuwa ameanzisha hapo, katikati ya karne ya 13, nyumba ya wanafunzi maskini wa theolojia, na jina lake ndilo lililotupa Sorbonne. Hayo yote yalikoma. Napoleon alipotangaza Chuo Kikuu cha Dola kati ya 1806 na 1808, alichokiunda hasa ni idara moja ya serikali ya kuwaajiri na kuwasimamia walimu wote, wa sekondari na wa vitivo. Ilibidi kungoja sheria ya Julai 1896 ili vitivo vya kila mji viunganishwe na kurudishiwa jina la chuo kikuu.

Ni pengo la miaka 103. Naamini mageuzi ya elimu ya juu ya Ufaransa hayaeleweki bila kuanzia hapo, na mhadhiri wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura anayetafuta washirika huko hatajua amwandikie nani kama hajui kilichoota ndani ya pengo hilo.

Kilichoota ni shule. Taifa lililokuwa vitani lilihitaji wahandisi, walimu na wakalimani, nalo halikutaka kuwangoja maprofesa wa theolojia. Mwaka 1794 ikaanzishwa École polytechnique, na mwaka huohuo École normale. Mwaka 1795 ikafuata shule ya lugha za Mashariki, ambayo leo inaitwa INALCO na ambamo Kiswahili kinafundishwa. Kazi ya Wafaransa juu ya lugha yetu ina mizizi mirefu: padri Charles Sacleux, aliyeishi miaka mingi Bagamoyo na Zanzibar, aliacha kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa Paris kuanzia 1939, na wachunguzi wa lahaja bado wanaifungua.

Shule hizo, pamoja na zilizozitangulia kama ile ya madaraja na barabara ya 1747, zilizaa desturi isiyofanana na ya nchi nyingine. Kijana anayetaka kuingia humo husoma miaka miwili ya matayarisho baada ya bakaloria, yaani cheti cha kumaliza sekondari, kisha hufanya mtihani wa mchujo, na wachache tu hupita. Chuo kikuu, kwa upande wake, kilipaswa kumpokea kila mwenye bakaloria. Matokeo yake ni kwamba kwa vizazi vingi mawaziri, wakurugenzi na wahandisi wakuu wa Ufaransa wametoka katika shule zenye wanafunzi wachache, huku vyuo vikuu vikibeba umati kwa fedha haba. Oktoba 1939 likaongezwa shirika la taifa la utafiti, CNRS, lenye watafiti wa kudumu wasiolazimika kufundisha. Elimu ikawa na makao matatu: shule za wateule, vyuo vikuu vya wengi, na maabara za watafiti. Maabara nyingi leo humilikiwa kwa pamoja na chuo na shirika la utafiti, hivyo barua inayopelekwa kwa mkuu wa chuo peke yake mara nyingi hukosa mtu wa kuishughulikia.

Waafrika waliingia katika mfumo huo mapema. Léopold Sédar Senghor alifaulu mtihani mkuu wa walimu wa sarufi mwaka 1935, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Septemba 1956 waandishi na wasanii weusi walikutana katika ukumbi wa Sorbonne kwenye kongamano lililoitishwa na jarida la Présence Africaine, wakajadili utamaduni na ukoloni ndani ya jengo la mkoloni mwenyewe. Mwaka uliofuata serikali ya Ufaransa ilianzisha Chuo Kikuu cha Dakar, na kwa miaka michache kilihesabiwa miongoni mwa vyuo vyake. Mitaala, ngazi za shahada, hata namna ya kumtahini mwanafunzi, vyote vilitoka Paris, na nchi nyingi zilivirithi baada ya uhuru.

Kisha ukaja Mei 1968. Vitivo vilivyojengwa kwa ajili ya maelfu vilikuwa na wanafunzi karibu nusu milioni, na moto wa maandamano uliowaka Nanterre, kando ya Paris, ukafika Sorbonne na viwandani. Waziri Edgar Faure alijibu kwa sheria ya Novemba 1968 iliyovunja vitivo vya zamani, ikavipa vyuo mabaraza ya kuchaguliwa ambamo wanafunzi walikuwa na viti, na ikakigawa Chuo Kikuu cha Paris kuwa vyuo 13 vilivyopewa namba. Kuanzia hapo kila serikali iliyogusa vyuo vikuu ilijua inacheza na moto. Mwaka 1986 mswada wa waziri Alain Devaquet, uliowatia wanafunzi hofu ya mchujo na ada, uliondolewa baada ya kijana Malik Oussekine kufa kwa kipigo cha polisi usiku wa maandamano.

Mageuzi yaliyogusa dunia nje ya Ufaransa yalizaliwa katika sherehe. Mei 1998, Paris ikiadhimisha miaka 800 ya chuo chake, waziri Claude Allègre aliwaalika wenzake wa Ujerumani, Italia na Uingereza wakatia saini tamko la kuoanisha shahada zao. Mwaka uliofuata, mjini Bologna, Italia, nchi 29 zilitia saini tamko kama hilo. Ufaransa ikaacha ngazi zake nyingi za kale, na kuanzia 2002 ikashika tatu: shahada ya kwanza miaka mitatu, uzamili mwaka wa tano, uzamivu mwaka wa nane, kila somo likipimwa kwa krediti. Mfumo huo, uitwao LMD (licence, master, doctorat), ulivuka bahari upesi. Nchi za Maghreb ziliuchukua, zikafuata za Afrika Magharibi, kisha Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Hapa jambo linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, na Congo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Ndani ya Jumuiya sasa wanaishi pamoja wasomi waliolelewa katika desturi ya Kiingereza na waliolelewa katika desturi iliyotoka Paris. Mwanafunzi wa Bukavu anayetaka kuendelea Kampala anahitaji mizani ileile ambayo Wazungu waliitafuta mwaka 1998, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina sababu ya kuisoma historia hii kwa makini.

Ufaransa kwenyewe mageuzi yaliendelea: sheria ya Agosti 2007 iliwapa wakuu wa vyuo mamlaka juu ya bajeti na ajira. Mwaka 2009 wahadhiri walioyapinga mageuzi hayo waligoma kwa miezi, baadhi yao wakizunguka uwanjani mbele ya ukumbi wa jiji la Paris mchana na usiku. Serikali haikurudi nyuma kwa jambo kubwa. Vyuo vilivyotenganishwa vikaanza kuungana tena: Strasbourg 2009, Aix-Marseille 2012, Bordeaux 2014, Sorbonne Université 2018. Sheria ya Julai 2013 ikapanua ruhusa ya kufundisha kwa lugha za kigeni.

Kwa mshirika wa nje hayo yana maana. Chuo chenye mamlaka juu ya bajeti yake kina uhuru zaidi wa kuingia mikataba. Lakini Novemba 2018 serikali ilitangaza mpango wa kuwakaribisha wageni, ukilenga wanafunzi 500,000 kufikia 2027, na mpango huohuo ukapandisha ada ya mwanafunzi asiye wa Ulaya kutoka euro 170 hadi 2,770 katika shahada ya kwanza, na kutoka 243 hadi 3,770 katika uzamili. Kumtangazia karibu mtoto wa mkulima wa Gitega huku ukimdai mara kumi na sita ya anachodaiwa jirani yake darasani ni dhuluma, na ninaisema hivyo bila kuipunguza. Vyuo vingi navyo viliikataa: vilitumia ruhusa ya kusamehe ada hadi asilimia 10 ya wanafunzi wao. Oktoba 2019 Baraza la Katiba liliamua kwamba elimu ya juu ya umma ni ya bure kwa kanuni, ingawa ada ya kiasi inakubalika.

Uzamivu uliachwa nje ya nyongeza hiyo, na hapo ndipo ushirikiano wenye manufaa unapowezekana zaidi. Ufaransa na Kenya zina mpango wa kugharamia safari za watafiti wa pande zote mbili, uitwao Pamoja. Taasisi ya Kifaransa ya utafiti iliyoko Nairobi, IFRA, imewasaidia wasomi wengi wa historia na jamii za eneo letu. Lakini chombo ninachokithamini kuliko vyote ni tasnifu ya usimamizi wa pamoja, iliyowekewa kanuni mwaka 2005 na kuingizwa mwaka 2016 katika kanuni kuu ya uzamivu. Mwanafunzi anakuwa na wasimamizi wawili, mmoja huku na mmoja kule, anagawa muda wake kati ya vyuo viwili, anaitetea kazi yake mara moja, na halazimishwi kulipa ada pande zote kwa wakati mmoja.

Mkataba wake sharti utaje lugha ya tasnifu. Ikiwa si Kifaransa, kinachodaiwa ni muhtasari wa kutosha kwa Kifaransa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tayari kinapokea tasnifu za Kiswahili katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mtafiti wa Sacleux, wa tenzi za Pate au wa lahaja za Ngazija anaweza basi kuomba kipengele hicho kitaje Kiswahili, na aombe kabla mkataba haujatiwa saini, kwa sababu baada ya hapo kukibadili ni kazi ya mabaraza ya vyuo viwili.