Stockholm na madai ya saa nane

Kiingereza kina misemo mingi inayouhesabu wakati kama sarafu: mtu huutumia, huuwekea akiba, huupoteza, hata huweza kumwibia mwajiri wake. Historia ya jiji la Stockholm inaonyesha kuwa ndani ya misemo hiyo limo swali zito: saa za mfanyakazi ni mali ya nani?

Msemo mashuhuri zaidi, kwamba wakati ni fedha, ulienezwa na Benjamin Franklin wa Marekani mwaka 1748, alipomnasihi kijana mfanyabiashara. Hoja yake ilikuwa nyepesi: awezaye kuchuma shilingi 10 kwa siku, kisha akakaa bure nusu ya siku hiyo, ametupa shilingi 5.

Nchini Sweden hesabu ya namna hiyo ilishika nguvu pamoja na reli na viwanda. Kila mji ulikuwa ukifuata jua lake, hadi tarehe mosi Januari 1879, nchi nzima ilipoanza kufuata majira mamoja rasmi.

Lakini wafanyakazi nao walijua kuhesabu. Tarehe mosi Mei 1890, kufuatia azimio la mkutano wa kimataifa wa wasoshalisti uliofanyika Paris mwaka uliotangulia, maelfu yao waliandamana hadi uwanja wa Gärdet, Stockholm. Miongoni mwa waliohutubia ni Hjalmar Branting, aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 1920. Walidai saa 8 za kazi, saa 8 za kupumzika na saa 8 za usingizi. Ikiwa wakati ni fedha, basi auzaye wakati wake ana haki ya kujua ameuza kiasi gani na amebakiwa na kiasi gani.

Ilibidi wasubiri karibu miaka 30. Sheria ya saa 8 ilipitishwa mwaka 1919, ikifuatiwa mwaka 1938 na likizo ya wiki mbili yenye malipo. Kufikia mwaka 1973 wiki ya kazi ilikuwa ya saa 40.

Mwingereza anapotaja kazi ya "tisa hadi tano", Mswahili aelewe saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni: ni saa 8 zile zile.

Kiswahili nacho kina kumbukumbu yake. Mshahara umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, na kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Mmoja aliuza mwezi, mwingine aliuza siku. Wa Stockholm walidai kwamba zipo saa zisizouzwa.