Mtaa wa Biryogo na Watu Wake

Mtu huzaliwa hana tabia. Tabia huipata kwa wale anaokaa nao, anaokula nao na anaooana nao. Mwenye kutaka ushahidi na autazame mtaa wa Biryogo, mjini Kigali.

Mji huo ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1907. Waislamu walifika pamoja nao, askari, makarani na wafanya biashara wasemao Kiswahili, na mwaka 1913 ukajengwa msikiti Nyamirambo. Walipotawala Wabelgiji, Waislamu walitengwa katika mitaa yao. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, basi mtoto wa Kiislamu aliishia chuoni, na baba yake akashika biashara au udereva.

Waliowatenga hawakukusudia wema. Lakini ndani ya mtaa ule Mhutu na Mtutsi waliosilimu walioana, watoto wao wakakaa mkeka mmoja mbele ya mwalimu mmoja, na maiti zao zikachukuliwa kwa jeneza moja. Watu wa nje waliwaita wote Waswahili, wala hawakuuliza asili zao. Serikali ndiyo iliyouliza: tangu miaka ya 1930 kila mtu alikuwa na kipande kilichotaja kabila lake.

Aprili 1994 kipande hicho kikawa hukumu ya kifo. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliangamia zaidi ya watu laki nane kwa muda wa siku kama mia moja. Hapo ndipo Biryogo ilipojulikana. Wengi walifichwa majumbani mwa Waislamu, wenye dini ile na wasio nayo. Na huko Mabare, mashariki ya nchi, Waislamu na jirani zao walijitetea msikitini kwa mawe na mishale, mpaka wauaji walipoletewa askari wenye bunduki.

Wengine husema ni dini pekee iliyowazuia. Mimi naona jina la dini halikutosha. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililochochea chuki ile, alikuwa Mwislamu, na mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003. Wale wa Biryogo walipoambiwa wamtoe adui, waliyemwona mlangoni alikuwa shemeji, au mtoto waliyesoma naye alifu na be.