Urani ya Bahi na Tatizo la Upimaji: Uwezekano katika Historia ya Fizikia ya Kwanta

Barabara ya Singida, ambayo hupita Kizota ikitoka Dodoma mjini, huelekea Bahi na Manyoni, kwenye mbuga tambarare ambako maji ya masika hutuama kisha hukauka, na ambako wanajiolojia wamebaini urani karibu na uso wa ardhi. Vipimo vya mionzi vilivyochukuliwa kwa ndege mwishoni mwa miaka ya 1970, na utafutaji wa kampuni ya Uranex ya Australia katika miaka ya 2000, vyote vilitegemea tabia moja ya madini hayo, yaani kwamba atomi zake huvunjika zenyewe na kutoa mionzi inayohesabika. Kwa jumla hesabu hiyo haiyumbi: gramu moja ya urani-238 huvunjika takribani mara 12,400 kwa sekunde, na nusu ya atomi zake huhitaji miaka bilioni 4.5 kuvunjika. Hata hivyo, hakuna kanuni inayotaja ni atomi ipi itakayofuata.

Rutherford na Soddy walieleza mvunjiko huo mwaka 1902, na mwaka 1905 von Schweidler wa Vienna akauweka wazi kuwa ni suala la uwezekano. Kwa muda ilidhaniwa kwamba uwezekano huo ni sawa na ule wa mvua anayoisubiri mkulima wa mtama wa Ugogo: visababishi vipo, ila binadamu hajavijua vyote. Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 1926, Max Born alipopendekeza kwamba funksheni ya wimbi, yaani maelezo ya kihisabati ya hali ya chembe, haisemi chembe iko wapi, bali mraba wa ukubwa wake hutoa uwezekano wa kuikuta mahali fulani. Einstein hakukubali. Lakini mwaka 1928 Gamow, na kwa upande wao Gurney na Condon, walitumia wimbi hilo hilo kueleza jinsi chembe za alfa zinavyopenya na kutoka katika kiini cha atomi, na hesabu zao zikalingana na vipimo.

Hapo ndipo tatizo la upimaji lilipojitokeza. Mwaka 1932 von Neumann alionyesha kwamba nadharia ina kanuni mbili zisizopatana: wimbi hubadilika kwa utaratibu usiokatika pale lisipopimwa, kisha huanguka ghafla kwenye jibu moja linapopimwa, bila nadharia kueleza kipimo ni nini hasa. Mfano maarufu wa paka anayehesabiwa kuwa hai na mfu kwa pamoja hadi atazamwe, ambao Schrödinger aliutoa mwaka 1935, ulitumia atomi yenye mionzi na kaunta ya Geiger, vitu ambavyo mtafutaji wa urani anavifahamu vizuri.

Everett alijibu mwaka 1957 kwamba matokeo yote hutokea, lakini kama yote hutokea, ni vigumu kusema uwezekano ni uwezekano wa nini. Hoja ya John Bell ya mwaka 1964, ikiunganishwa na majaribio ya mwanafizikia Aspect ya mwaka 1982, ilifunga njia ya visababishi vilivyofichika vinavyotenda mahali pao tu. Caves, Fuchs na Schack, mwaka 2002, waliuona uwezekano wa kwanta kuwa kiwango cha imani ya mpimaji. Ni hoja yenye mantiki, ingawa urani ya Bahi imekuwa ikivunjika tangu kabla hajatokea wa kuamini lolote.

Jibu la Ghirardi, Rimini na Weber, la mwaka 1986, linastahili heshima zaidi. Kwao bahati imo katika maumbile yenyewe: wimbi la kila chembe huanguka lenyewe mara moja katika mamia ya mamilioni ya miaka, lakini kwa kuwa kaunta ina chembe zisizo na idadi, jibu hupatikana papo hapo. Nadharia ya namna hii inaweza kukanushwa kwa majaribio, na mwaka 2020 maabara ya chini ya ardhi ya Gran Sasso, Italia, ilikataa sura sahili zaidi ya nadharia ya jamii hiyo inayohusisha anguko la wimbi na nguvu ya uvutano. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na kinachofundisha fizikia, kiwape wanafunzi swali hili la upimaji siku ile ile wanapokabidhiwa kaunta ya Geiger.