Kunyoosha au Kulinganisha? Historia Fupi ya Zana za Kufufua Fitokombo na Majina Yake

Istilahi nyingi zinazotufikia mezani hutoka vitabuni. Mtafsiri amekutana na neno la kigeni, amekwama, naye anaomba msaada. Ziko istilahi nyingine ambazo hazitufikii kwa njia hiyo, kwa sababu wanaozitumia hawaandiki. Mikono yao imejaa oili. Katika makala hii twakusudia kuzitazama zana chache za fundi wa pikipiki, yaani zile zinazotumika kulifungua, kulitengeneza na kulifunga upya fitokombo, ambalo wengi gerejini huliita krenkishafti. Tutaeleza historia ya zana zenyewe, kisha historia ya majina yake, na mwisho tutatoa mapendekezo. Wasomaji wetu wataona kwamba suala hili haliishii katika kuchagua neno zuri. Jina likipotoka, mkono wa fundi nao hupotoka.

1. Kwa nini Rhotia

Tumeichagua Rhotia kuwa mfano. Rhotia ni kata ya Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ipo kando ya barabara itokayo Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu, ikapanda ukingo na kuelekea Karatu mjini hadi lango la Lodoare la Ngorongoro. Barabara hiyo kuu iliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini njia nyingi ziendazo mashambani zilibaki za udongo mwekundu, ambao wakati wa kiangazi ni vumbi jepesi na wakati wa masika ni utelezi.

Zamani pikipiki ilikuwa chombo cha watu wachache, kama vile bwana shamba, mganga au mhubiri. Hali ilibadilika pale pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoenea nchini katika muongo wa kwanza wa karne hii, na kanuni za leseni za kusafirisha abiria kwa pikipiki na bajaji zilipotolewa mwaka 2010. Neno bodaboda, lililozaliwa katika miaka ya 1960 kwa waendesha baiskeli wa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, likavuka nchi nzima. Tangu hapo gunia la mahindi, mgonjwa wa usiku na mwanafunzi aliyechelewa, wote wamebebwa na silinda moja. Silinda hiyo ikinyamaza, shamba huwa mbali na soko na mama mjamzito huwa mbali na zahanati.

Jambo la pili linalotufanya tuitaje Rhotia ni lugha. Wengi wa wenyeji ni Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Katika wilaya hiyohiyo wapo Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti, na upande wa Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu. Watu hawa wakutanapo penye injini iliyofunguliwa, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Kwa hiyo istilahi ya gereji haiwezi kutegemea fumbo la pwani wala mzizi wa Kibantu ambao msikilizaji hana hisia nao. Yapasa iwe wazi, fupi, isiyogongana na nyingine.

2. Chombo na ugonjwa wake

Fitokombo hugeuza mwendo wa pistoni wa kwenda na kurudi kuwa mwendo wa mzunguko. Wazo hili ni la kale. Al-Jazari, mhandisi aliyeandika kitabu chake mwaka 1206, alilitumia katika mitambo ya kuinua maji. Huko Uingereza James Pickard alijipatia hataza mwaka 1780 ya kutumia kombo katika injini ya mvuke. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walipolitia injini gari lao la magurudumu mawili mwaka 1885, kombo lilikuwamo tayari.

Katika injini nyingi za magari, fitokombo ni kipande kimoja cha chuma, na konrodi hukatika pande mbili zinazofungwa kwa bolti. Katika pikipiki ndogo mambo ni kinyume. Konrodi ni nzima, na fitokombo ndilo lililoundwa kwa vipande: sahani mbili nene za chuma, kila moja ikiwa na mkia wake, zimeunganishwa kwa pini iliyosukumwa kwa nguvu ndani ya matundu yaliyo membamba kuliko pini yenyewe kwa sehemu za mia za milimita. Hakuna bolti wala gundi. Kinachoshika ni kubanana kwa chuma na chuma. Ndivyo ilivyoundwa injini ya Honda CG125 iliyotoka katikati ya miaka ya 1970, yenye kipenyo cha silinda cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5. Muundo wake uliigwa na viwanda vingi vya China, na ndio uliozifikia njia za Karatu.

Oili ikipungua au ikiingia vumbi, rola ndogo zilizo kati ya pini na konrodi huchubuka. Hapo injini huanza kugonga. Dawa ni kushusha injini, kutenganisha sahani, kutia pini, rola na konrodi mpya, kisha kuunganisha tena. Kazi hii haifanyiki kwa spana na bisibisi peke yake.

3. Zana na asili zake

Zana ya kwanza ni ya kuchomolea. Gurudumu la sumaku limekazwa katika mkia wa fitokombo kwa namna ambayo kulipiga nyundo ni kuliharibu. Hutolewa kwa pula, zana yenye parafujo inayosukuma katikati huku mwili wake umeshika pembeni. Pula ya aina nyingine hutenganisha nusu mbili za kasha la injini.

Zana ya pili ni presi, ambayo hutoa pini ya zamani na kuisukuma mpya. Presi ya nguvu ya maji ni kazi ya Joseph Bramah, aliyepata hataza yake London mwaka 1795. Siku hizi karakana hutumia mafuta badala ya maji, ila kanuni ni ileile: nguvu ndogo katika bomba jembamba huwa nguvu kubwa katika bomba pana.

Zana ya tatu ni za kupimia. Maikromita ilipewa hataza Ufaransa mwaka 1848 kwa jina la Jean Laurent Palmer. Geji yenye mshale uzungukao juu ya uso wa duara ilitokana na kazi ya John Logan wa Waltham, Marekani, mwaka 1883. Fundi hulilaza fitokombo juu ya viegemeo viwili vyenye umbo la panda, huligusisha geji, hulizungusha polepole, naye husoma ni kwa kiasi gani mkia unayumba. Mara nyingi kikomo huwa karibu na milimita 0.05, na kitabu cha kila injini hutaja chake.

Zana ya mwisho ni nyundo ya shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha fitokombo, hivyo hutikisa bila kutia kovu. Haya si mageni kabisa katika Karatu. Wahunzi wa Kidatoga wa karibu na Ziwa Eyasi wamekuwa wakiyeyusha vipande vya shaba na kufua vikuku, na kwa chuma wakafua vyembe vya mishale wanavyobadilishana na Wahadzabe. Mvukuto, fuawe, koleo na nyundo vilikuwa na majina katika Kiswahili kabla ya injini yoyote kufika.

4. Tabaka za maneno

Mtu akiyapanga maneno ya karakana kama tabaka za udongo, ataiona historia ya pwani na bara. Nyundo ni Kibantu. Parafujo na bomba ni mabaki ya Wareno. Karakana ni Kiajemi, na gari limetoka Bara Hindi. Spana, gereji, beringi na pistoni ni Kiingereza cha karne ya ishirini. Hakuna tabaka lililoomba ruhusa ya tabaka la chini yake. Kila neno liliingia pamoja na chombo, likavaa sauti za Kiswahili, likakaa.

Vyombo vya kusanifu lugha vilikuja baadaye. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka 1967. Kwa upande wa ufundi, kazi ambayo haina budi kukumbukwa ni kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili ya Rajmund Ohly, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1987 na taasisi ya Chuo Kikuu iliyoshughulikia uvumbuzi katika uzalishaji. Umuhimu wa kazi hiyo ni huu, kwamba ilichukulia ufundi kuwa uwanja kamili wa lugha, unaostahili kamusi yake. Mafunzo ya ufundi stadi yalipowekewa mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 1994, walimu walikuwa na mahali pa kuanzia.

5. Majina matatu yenye utata

Tuchukue majina matatu ili tuone jinsi uamuzi unavyofanyika.

La kwanza ni shinikizo. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, shinikizo lilikuwa chombo: ndicho kilichokamulia mafuta ya ufuta na maji ya miwa. Mpenda lugha atasema: neno letu lipo, kwa nini tukope presi? Lakini neno hili limehama. Ingawa wanafizikia walichagua kanieneo, hospitali zimelieneza shinikizo la damu hata kijijini, nalo sasa ni nguvu, si chombo. Katika injini, shinikizo la mafuta ni nguvu inayosukuma oili kwenye beringi. Tukiiita na mashine ya mafuta shinikizo, sentensi moja ya kitabu itasomwa kwa maana mbili. Kwa hiyo presi na ibaki.

La pili ni pula. Wako wanaopendekeza kichomoo, kutokana na kuchomoa. Umbo hilo ni sahihi kisarufi, wala hatulipingi. Hata hivyo pula limekwisha kuenea, na hoja dhidi yake ni moja tu, kwamba linafanana na puli. Dawa ya hoja hiyo imo katika lugha yenyewe: gurudumu la kupitishia kamba au mkanda lina jina lake la siku nyingi, nalo ni kapi. Tukimrudishia kapi haki yake, pula halitagombana na mtu.

La tatu ndilo zito. Sahani zikishaunganishwa, karibu kila mara mikia miwili haiwi katika mstari mmoja, na ni lazima irekebishwe. Neno la gereji kwa kila kilichokwenda kombo ni kunyoosha: hunyooshwa rimu, hunyooshwa fremu, hunyooshwa bodi ya gari. Basi na fitokombo likanyooshwa. Lakini katika kazi hii kwa kawaida hakuna chuma kilichopinda. Sahani mbili zimezunguka kidogo, kila moja kwa upande wake, juu ya pini iliyo sawa kabisa. Anayeambiwa anyooshe atautafuta mpindo katika mkia, ataupiga au kuutia moto, na kwa kufanya hivyo ataupinda mkia uliokuwa mzima. Anayeambiwa alinganishe ataisoma geji, atatafuta sahani iliyotangulia, ataigonga kwa shaba ukingoni, kisha atapima tena. Wajerumani hutumia kitenzi chenye maana ya kupanga katika mstari, na geji yenyewe wameiita saa ya kupimia. Nasi twaweza kusema geji ya saa, kwani kila aliyeona saa ya mshale ataitambua.

Hapa ndipo tunapoona kwamba mwenye kusanifu istilahi hafanyi kazi ya pambo. Kitenzi kimoja kikitafsiriwa vibaya katika kitabu cha mafunzo, kosa hilo litarudiwa na kila mwanafunzi, na gharama italipwa na mwenye pikipiki aliyeuza magunia yake ili injini ifufuliwe.

6. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunawapendekezea watafsiri, walimu wa ufundi na maofisa wanaoandaa miongozo ya zabuni na mitaala maneno yafuatayo:

fitokombo: mhimili wa injini ugeuzao mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Krenkishafti litambuliwe kuwa kisawe chake cha gereji.

pini ya kombo: pini iunganishayo sahani mbili za fitokombo na kubeba konrodi.

pula: zana ya kuchomolea kwa nguvu ya parafujo. Isichanganywe na kapi.

presi: mashine ya kusukumia kitu ndani au nje ya tundu linalobana.

kiegemeo panda: kipande cha chuma chenye mfuo wa umbo la panda, cha kulazia mhimili unaopimwa.

geji ya saa: kipimo chenye mshale kisomacho sehemu za mia za milimita.

myumbo: kiasi ambacho mhimili huacha mstari wake unapozunguka.

kulinganisha fitokombo: kuziweka sahani mbili katika mstari mmoja. Kunyoosha litumike tu pale chuma chenyewe kilipopinda.

Orodha hii si amri. Neno linalokataliwa na mafundi wa Rhotia, Mbulu au Manzese halitaokolewa na muhuri wa ofisi yoyote. Tunawaomba walimu walio karibu na karakana wayajaribu majina haya mbele ya injini iliyofunguliwa, watuandikie yapi yamekubalika na yapi yamechekwa, na kwa kila lililochekwa watupe lile ambalo fundi mwenyewe amelitamka.