Tope la Wenje, Kasa wa Ungwana

Wenje, kando ya mto Tana nchini Kenya, hakuna kasa wa baharini. Kuna kambare, mamba, kiboko anayevamia mashamba usiku, na Wapokomo ambao kwa vizazi wamevua na kulima kwa kuufuata mto Tana: maji yakifurika kisha yakarudi, tope linalobaki hupandwa mpunga. Tope lisilobaki huteremka Garsen, hupita kwenye delta na kutokea Kipini, katika ghuba ya Ungwana. Hata kupitia Kipini ni kazi ya mkono wa binadamu. Katika karne ya 19 mfereji wa Belazoni, uliochimbwa kwa amri ya Sultani wa Witu, uliuvuta Tana hadi ukaingia mto Ozi, unaomwagika Kipini.

Huko chini wavuvi hawachanganyi majina: kasa alitakiwa kwa nyama yake, ng'amba kwa gamba. Biashara ya gamba ni kongwe. Periplus, kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kinalitaja miongoni mwa bidhaa za bandari ya kale ya Rhapta, na kinawataja watu wa kisiwa cha Menuthias waliotega kasa kwa vikapu vya kusuka. Ila ufundi wenyewe ulikuwa wa chazo, samaki anayejigandisha kwa kichwa. Alifungwa uzi mkiani, akaachiwa karibu na kasa; akishaganda, mvuvi alivuta taratibu. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, ofisa wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, aliwaandikia wanazuoni wa London juu ya uvuvi huo. Wabajuni, wavuvi wa pwani hiyo, hawakuhitaji kusoma alichoandika.

Kisha likaja katazo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza adhabu. Kama mvuvi wa Ungwana alilitazama hilo kwa jicho la pembeni, alikuwa na sababu.

Tope la mto hulisha kamba, na kamba hujaa karibu na midomo ya Tana na Sabaki. Kamba hao ndio walioleta meli za kukokota nyavu, tangu miaka ya 1970. Kasa hupumua hewa. Akinaswa chini kwa muda mrefu hufa maji. Sheria iliziweka meli hizo nje ya maili 5 za baharini, lakini kamba hawakai huko, na meli ziliwafuata. Mwenye mtumbwi akaambiwa amwachie kasa aliyenaswa na jarife lake, huku meli zikimkatia jarife lenyewe. Ugomvi ulikua hata uvuvi huo ukasimamishwa mwaka 2006. Uliporuhusiwa tena, ulirudi na masharti, ukiwamo msimu wa kufunga.

Huko Watamu, katika pwani hiyo hiyo, watu walishika njia nyingine tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mvuvi aliyenasa kasa huwaita watu wa shirika la Local Ocean Conservation, hupewa fidia ndogo ya muda wake, naye kasa hupimwa na kurudishwa majini. Hapo mvuvi haitwi mhalifu. Ndiye anayeita, kwa sababu yeye ndiye aliyemwona kasa.

Wenje nako mambo si kama ya kale. Tangu bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, mbali sana juu ya mto, mafuriko ya kawaida yamepungua, na tope la kupandia mpunga halipatikani kila mwaka.