Siku 30 za kumuona mupenzi

Ndugu na dada wa lisansi, na ninyi munaoendelea na masomo, mwezi wa saba ukifika hii hadithi inarudi kila mwaka: mmoja amepata kazi ya vakansi mbali, mwingine amebaki Bukavu anaangalia simu. Mwaka wa 2023 ilikuwa zamu yangu. Mchumba wangu alipata kazi ya miezi mitatu Kamituga, kupita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali juu ya chakula na mavuno. Mtandao wa kule unakuja na kuondoka. Kufikia mwezi wa nane tulikuwa tunagombana kwa simu juu ya mambo ambayo uso kwa uso yangeisha dakika mbili. Nikaamua kwenda.

Tate yangu, mama ya baba, anaishi upande wa Walungu, na barabara inapita hapo hapo. Nikasimama kumusalimia. Nilidhani atanikemea: kijana hajatoa dote, tayari anamufuata binti wa watu hadi porini. Lakini aliuliza kitu kimoja tu: "Bamekupatia siku ngapi?"

Nikamwambia hakuna mtu wa kunipatia siku, tate, ninaenda tu.

Akaniangalia kama mtu asiyeamini. Kisha akanieleza kitu ambacho hakuna mtu nyumbani alikuwa amewahi kunieleza. Babu, kabla ya kumuoa, alikuwa mfanyakazi wa mgodi wa dhahabu kule kule Kamituga, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka mmoja habari zake zilikatika. Tate, binti wakati ule, akaenda kumuangalia kwa mguu, pamoja na kaka yake mkubwa, wamebeba unga na maharagwe. Siku alikuwa anazihesabu kwa masoko. "Masoko ine zikipita, unapashwa kuwa umeonekana kwenu," alisema. Kwa nini ine? "Njo ilikuwa sheria ya Bulamatari." Zaidi ya hapo hakujua, na mimi pia nilipanda moto bila kuelewa.

Niliporudi Bukavu ndipo nilitafuta, na jibu likanifanya nione haya kidogo. Maana ile sheria nilikuwa nimeitaja mimi mwenyewe katika memuari yangu! Sisi wa agronomia tunaifahamu amri ya tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka wa 1933 kwa sababu ya mashamba: ndiyo iliruhusu serikali kuwatuma wanakijiji kazi za lazima hadi siku 60 kwa mwaka. Pamba katika bonde la Ruzizi, mihogo ya akiba, mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwenye vilima vyetu. Mwaka wa 1942, wakati wa vita, siku hizo zilipandishwa hadi 120. Tuliandika hayo kwenye mitihani, tukapata pointi, tukasonga mbele.

Kumbe katika amri hiyo hiyo kuna siku nyingine, ambazo hakuna profesa aliniambia nizisome. Mtu mweusi hakuruhusiwa kuondoka katika sheferi yake kwa zaidi ya siku 30 mfululizo bila karatasi iliyoitwa passeport de mutation, yaani pasipoti ya kuhama. Utawala ndio uliitoa, na uliweza kuikataa.

Sasa tupige hesabu ya tate. Masoko manne ni siku 28. Kutoka Bukavu hadi Kamituga ni karibu kilomita 180 za milima na msitu. Kutoka Walungu inapungua kidogo. Kwa mguu na mzigo kichwani, weka wiki moja ya kwenda, wiki moja ya kurudi. Kwa mupenzi zinabaki wiki mbili, kama mvua haikuangusha daraja. Kwa hiyo sheria haikukataza kumutembelea mtu. Ilikataza kubaki. Ukitaka kubaki, lazima ofisi ikubali, na ofisi ilikuwa na faida yake: mtu aliyehama ni mtu aliyepungua kwenye kodi na kwenye zile siku 60 za shamba. Ndiyo maana mambo hayo mawili yalikaa katika amri moja. Mimi niliyasoma nusu.

Usifikiri kwamba wakoloni walichukia tu mapenzi. Wakati mwingine waliyataka, kwa hesabu zao. Katanga, Union Minière ilikuwa inawachukua wanaume kwa mikataba mifupi, wanakufa wengi, wanatoroka wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadilisha mbinu: mkataba wa miaka mitatu, na mwanamume anahimizwa kuja na bibi yake, wapewe nyumba kambini na posho ya chakula. Waliita hiyo "stabilisation". Mwanamume aliye na bibi na watoto kambini hatoroki haraka, na mtoto aliyezaliwa pale ni mfanyakazi wa kesho. Mwanamke alikaribishwa vizuri, mradi ameandikwa kama bibi ya mfanyakazi.

Na yule ambaye hajaandikwa? Kwa mwanamke aliyekaa mjini bila mume anayetambuliwa, walitunga jina la ajabu katika makaratasi: mwanamke "anayeishi peke yake kinadharia". Kinadharia! Yaani tunajua una mtu, lakini kwenye karatasi hayupo, kwa hiyo lipa kodi. Usumbura, Bujumbura ya leo, wanawake Waislamu waliipinga kodi hiyo katika miaka ya 1950, maana waliona imewaweka wajane na wanawake walioachika katika fungu moja na malaya. Najiuliza tate angeandikwa nani kama angebaki Kamituga soko la tano.

Turudi kwenye moto yangu. Mugogo, Walungu, Burhale, Kasika, Mwenga: nilitoka alfajiri, nikafika giza limeingia, vumbi hadi kwenye meno, na hiyo ni kiangazi, wakati barabara iko nzuri. Njiani kulikuwa na kamba zilizofungwa barabarani, sikumbuki ngapi. Kwenye moja nilitoa karte ya electeur, kijana akaiangalia mbele na nyuma. "Unaenda kufanya nini?" Kusalimia mchumba. Wakacheka wote, wakanitakia mema, wakachukua elfu moja ya franka. Wakati ule nilikasirika juu ya pesa. Sasa nakumbuka zaidi lile swali.

Mchumba wangu alinipokea barabarani, amekonda, ameungua jua. Nyumba waliyopangiwa wafanyakazi ilikuwa na kanuni ubaoni: wageni hapana baada ya saa kumi na mbili ya magaribi. Basi nikalala katika chumba cha kupanga karibu na soko, na tukaonana asubuhi mbele ya chai, mchana wakati wa mapumziko, na jioni hadi mlinzi atazame saa yake. Tuligombana siku ya kwanza. Siku ya pili akaniambia neno alilokuwa analificha kwenye simu: wamemuomba aongeze miezi sita. Aliogopa nitasema hapana, na mimi niliogopa ameshasema ndiyo. Siku ya tatu tulitembea hadi kwenye mto na hatukulizungumzia kabisa. Siku ya nne aliniuliza tu kama nitarudi tena, mvua ikianza. Nilisema nitarudi. Kwa barabara ile, ndugu zangu, hiyo ni ahadi nzito.

Wakati wa kurudi nilisimama tena kwa tate. Alikuwa anapepeta maharagwe. Nikamuuliza kitu ambacho kilinikaa kichwani njia nzima: baada ya soko la nne, alifanya nini?

"Nilirudia," alisema. "Nilipita kwa shefu anione. Nikapumuzika wiki mbili. Kisha nikaenda tena."

Mara ngapi, tate?

Hakumbuki. Alinyoosha vidole vya mkono mmoja, akaongeza kidole kimoja cha mkono wa pili, akasita, akakiondoa. Kisha akauliza nimekaa kule siku ngapi. Nikasema ine. Akaacha kupepeta.

"Na hakuna mutu alikufukuza?"