Baridi kama Nishati katika Meli za Gesi, 1964–2015

Methane Princess ilipoanza mwaka 1964 kupeleka gesi asilia kimiminika kutoka Algeria hadi Uingereza, gesi iliyovukizwa matangini ilichomwa kwenye boila zake. Zaidi ya nusu ya joto lililopatikana liliishia baharini. Baridi ya nyuzijoto 162 chini ya sifuri, iliyogharimu nishati nyingi kiwandani, ilionekana kero tu.

Nchi kavu ndiyo iliyotangulia. Huko Osaka, Japani, mwaka 1979, propani ilivukizwa kwa maji ya bahari, ikazungusha tabaini, kisha ikarudishwa kuwa kimiminika kwa baridi ya gesi. Ajabu ni kwamba meli, yenye moshi wa moto na baridi kali pamoja, ilichelewa. Feri ya Ufini, Viking Grace, iliyoanza safari mwaka 2013, ilipeleka baridi hiyo kwenye viyoyozi. Umeme kutokana na joto la injini zake ulifuata mwaka 2015.